Nina baiskeli ya mbio ya mtumba, nataka kuanza mashindano ya barabarani. Nianzie wapi?

kijana_wa_tengeru

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Naishi Tengeru, kazi yangu iko Arusha mjini, na kwenda na kurudi ni baiskeli. Habari za kugombania daladala nilishaachana nazo. Juzi nimepata baiskeli ya mbio ya mtumba: fremu ya chuma, usukani uliopinda chini, gia unabadilishia kwenye bomba la fremu. Kila Jumamosi asubuhi kuna kundi la jamaa wenye nguo za kubana wananipita vuu, mpaka naona aibu. Nataka na mimi nishiriki mashindano, hata yale ya wazi ya mkoa tu.

Je, baiskeli hii inatosha au watanicheka? Nifanye mazoezi gani? Na vile viatu vinavyojifunga kwenye pedeli ni lazima? Tafadhali msinitajie kaboni, mimi ni mtu wa mshahara wa kawaida.

Mzee_wa_Kisongo

Marahaba kijana.

Baiskeli inatosha. Sheria za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, zinakataza baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, iliyo juu hazina neno nayo. Uzito wa chuma chako utauona mlimani. Tambarare adui ni upepo, na upepo hauulizi umenunua kwa bei gani. Vijana wengi wanajifungia kufanya mazoezi peke yao, wanapata miguu kweli, halafu siku ya mashindano wanakwenda kukaa pembeni ya kundi na kuula upepo wote. Kabla ya nusu ya njia wameachwa, wanasema ni baiskeli.

Hesabu yake iko hivi: ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakuzuia mara nne, na nguvu unayohitaji kuupasua inapanda mara nane. Lakini ukikaa nyuma ya mwenzako, tairi lako la mbele kama nusu mita kutoka la kwake la nyuma, unaokoa karibu theluthi ya nguvu. Kwa hiyo mwenye miguu ya wastani anayejua kujificha atafika na kundi. Mwenye miguu ya moto asiyejua tutamkuta njiani anakunywa soda.

Basi mazoezi yako ya kwanza ni wale jamaa wa Jumamosi. Usiwadandie njiani. Nenda wanapokutania kabla hawajaondoka, salimia, sema wewe ni mgeni, omba kukaa nyuma. Hakuna atakayekukatalia. Ukiwa humo, usikodolee macho tairi la mwenzako, tazama mgongo wake na barabara iliyo mbele yake. Usiache tairi lako la mbele lilale ubavuni mwa la kwake la nyuma. Yakigusana, anayekwenda chini ni wewe, yeye ataendelea na safari. Breki za ghafla sahau, ukiona unamkaribia mno acha kukanyaga, au jitoe kidogo kwenye upepo ukupunguze. Shimo onyesha kwa mkono, tuta piga kelele. Kwa barabara zetu utapiga kelele mpaka koo likauke.

Zamu yako ya kuvuta ikifika, yaani kukaa mbele na kupasulia wenzako upepo, USIONGEZE MWENDO. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila kijana akishika mbele anataka tumjue. Kundi linakatika vipande, wa nyuma wanahangaika, na wazee wanamtukana kimoyomoyo. Mimi namtukana kwa sauti. Vuta kwa mwendo uleule uliokuta, ukichoka tazama nyuma, jitoe pembeni, punguza, rudi mkiani. Hata ukivuta sekunde chache hakuna tatizo.

Barabara ya kujifunzia: achana na upande wa Moshi, malori ni mengi na wewe ndiyo kwanza unajifunza. Njoo huku Kisongo, nenda Meserani, ukizoea fika Makuyuni. Kwenda utajiona bingwa, maana unateremka na upepo mara nyingi unakusukuma mgongoni. Kurudi unapanda mpaka mita 1,400 za Arusha na upepo huohuo wa mashariki uko usoni. Hapo mtu anajifunza kujificha bila mwalimu.

Chakula: safari ikizidi saa moja na nusu lazima ule njiani, gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya kawaida ina kama 25. Kula kabla hujasikia njaa, ukishaisikia umechelewa na miguu imezima. Helmeti lazima, bila hiyo hupangwi mstarini. Na ziba ncha za usukani kwa vizibo, ncha iliyo wazi ukianguka inakata nyama kama bomba, na waamuzi makini wanakagua. Viatu si lazima, vile vikapu vya kushika ncha ya kiatu kwenye pedeli vinatosha kwa mwaka wako wa kwanza.

dada_wa_sakina

Mzee shikamoo. Karibu yote nakubali, ila hili la kukaa nyuma ni la mazoezi tu. Kaka, siku ya mashindano usikae mkiani! Kundi likifika kwenye kona au mzunguko, wa mbele wanapunguza kidogo tu, wa nyuma wanasimama kabisa. Wa mbele wanapotoka, wewe wa mwisho unakimbizana kuziba pengo, kona baada ya kona. Wenzako wanapumzika, wewe unachomwa. Na mtu akiachia pengo mbele yako, umeachwa naye. Kaa theluthi ya kwanza ya kundi, ubavu ambao upepo hautokei.

Halafu kitu ambacho wanaume hawakwambii: nunua bukta yenye sponji kabla ya kununua kitu kingine chochote, na usivae chupi ndani yake. Mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Ifue kila baada ya safari.

Kuhusu kuchekwa, nani akucheke? Septemba 2025 mashindano ya dunia yamefanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Girmay wa Eritrea alivaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, katika Tour de France ya 2024 mpaka mwisho kule Nice. Sisi tulioanza zamani ndio tulichekwa, hasa sisi wanawake. Konda wa daladala aliwahi kuniuliza kama mume wangu anajua nilipo.

Mzee_wa_Kisongo

Marahaba binti. La kona uko sahihi. Ila mgeni wa kundi ukimweka katikati atatuangusha wote. Ajifunze nyuma kwanza, mbele atapelekwa na miguu.

ngwana_shinyanga

Huku kanda ya ziwa watu wanashindana kwa Phoenix, gia moja, chuma tupu, na ukiwaona wanavyokwenda utaheshimu. Kwa hiyo baiskeli si hoja mkuu. Hoja ni uzima wake. Mtumba kagua cheni: chukua rula ya inchi, pima pini 25 mfululizo, yaani kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 25. Ikiwa mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, badilisha cheni, utaokoa meno ya gia. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, huenda na meno yameshakwenda, cheni mpya itaruka ukikanyaga kwa nguvu. Kuruka cheni ukiwa umesimama kwenye pedeli usiombe.

kijana_wa_tengeru

Asanteni sana. Cheni nimepima, imezidi kidogo mno, iko salama. Swali la mwisho: tairi la nyuma limechoka. Limeandikwa 27 x 1 1/4. Dukani wananipa la 700 wanasema ni saizi moja.

Mzee_wa_Kisongo

Si saizi moja! Usichukue. Rimu ya 27 kipenyo cha kukalia tairi ni milimita 630, ya 700 ni 622. Hizo nane zinatosha tairi kutoingia kabisa. Una njia mbili. Ya kwanza, tafuta tairi za 27, bado zipo kwa mafundi wenye mitumba ya zamani, ukizikuta chukua mbili. Ya pili, badilisha rimu ziwe za 700, halafu tairi utapata kirahisi. Rimu mpya itakuwa chini kwa milimita nne, kwa hiyo kabla hujalipa mwambie fundi ajaribu kushusha mpira wa breki milimita nne kwenye mkono wa breki. Mpira ukishuka na kukaa sawa, badilisha. Usiposhuka, baki na 27. Na uhakikishe upana wa habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, unaingia kwenye fremu bila kulazimisha, maana fundi wa mtaani atakutanulia kwa nyundo akiona unachelewa kazini.