Mama ameokoka siku nyingi, mbona anateseka hivi?

Kijana wa Kibosho: Shalom wapendwa, mama yangu ana kansa na huyu mama ibada ya asubuhi hakosagi, juzi namgeuza kitandani naona vidonda mgongoni na bado ananiambia niwashe redio asikilize mapambio. Mungu anamwona kweli?

Mama Neema, Majengo: Pole sana mwanangu. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake, yaani mateso yake, utolewe na haukutolewa, akaambiwa neema inatosha. Wanaohubiri ukiokoka shida kwisha wanatuumiza jamani.

Dereva wa Marangu: Yesu alilia kwa Lazaro na alijua anamfufua, so lia tu kaka, tumaini letu ni ufufuo, mama atavaa mwili usio na kidonda. Na kwa hivyo vidonda vya mgongoni, mgeuze kila masaa mawili.