Mama alishuka sodiamu (chumvi ya kwenye damu) baada ya kipimo cha utumbo, naombeni ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Chang'ombe hapa Dodoma. Wiki mbili zilizopita alifanyiwa kolonoskopi, kile kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera, tukarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Shida ilikuwa kwenye maandalizi. Aliharisha usiku kucha kwa ile dawa ya kusafisha utumbo, na akaambiwa anywe maji mengi. Akanywa kweli, maji matupu, jagi baada ya jagi, bila hata supu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kidonge chake cha presha, kile cha kukojoza, naye akakimeza kama kawaida.

Jioni akaanza kuumwa kichwa na kichefuchefu. Tukadhani ni uchovu. Usiku akaniita kwa jina la marehemu dada yake, huku anatafuta funguo alizozishika mkononi. Hapo nikaogopa. Kupimwa damu, sodiamu 119, wakati kawaida ni 135 hadi 145. Akalazwa siku nne, ikapandishwa polepole, maana daktari alisema ikipanda haraka mno ubongo unaweza kuumia.

Sasa anakula vizuri, ila bado anasahausahau na akisimama anayumba. Tarehe ya kurudi ni mwezi ujao, naona mbali mno. Mliouguza mgonjwa wa hivi, na mlio wataalamu: damu irudiwe kupimwa lini? Kidonge kimesimamishwa, je, niombe abadilishiwe aina? Na kwa joto hili anywe maji kiasi gani? Shangazi anasema nimwongezee chumvi kwenye chakula, mimi nahofia presha.