Naomba ushauri: mrija wa kulishia wa mzee unavuja na umekaza

Habari wakuu. Mzee wangu alipigwa kiharusi akawa hawezi kumeza, wakamwekea mrija wa kulishia unaopita kwenye ukuta wa tumbo. Mwanzoni ulikuwa fresh tu ila siku hizi tukimpa uji unachuruzika pembeni ya tundu, ngozi imekuwa nyekundu na kuna kinyama kimeota hapo, ukikigusa na gozi kinatoa damu. Homa hana.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba zamani mrija ulikuwa unazunguka na kuingia ndani kidogo kama tulivyofundishwa, sasa umekaza kabisa, na nimesoma kuwa kile kizuizi cha ndani kinachoshikilia mrija usichomoke kinaweza kuzama kwenye ukuta wa tumbo kikafunikwa na nyama, ni kweli? Nesi mmoja wa mtaani anasema tuuvute tuweke mwingine, mi nimegoma maana ukitoka tundu linaanza kuziba ndani ya masaa machache tu (bi mkubwa naye anataka tupake majivu, hapo sijajibu).

Mliowahi kuuguza mgonjwa wa hivi, kinyama mlikichoma kwa dawa hospitali au kiliisha chenyewe? Na nimkimbize leo emajensi au nisubiri kliniki ya Jumatatu?