Faili la GB 4.7 kwa neti ya kusuasua: brauza, wget, aria2 au torenti?

mshushaji_usiku
Wakuu, nashusha ISO ya Linux (faili moja lenye mfumo mzima wa kusakinisha), GB 4.7. Neti yangu ikijitutumua inafika KB 100 kwa sekunde, yaani saa 13 kama haijakatika. Na inakatika. Jana brauza imefika 92%, ikakwama. Nikabonyeza kuendelea, ikaanza sifuri! Nihamie wapi?

kobe_wa_neti
Pole mkuu. Usiilaumu brauza kabla hujaiangalia seva. Programu inayoendelea ilipoishia huomba "nipe kuanzia baiti fulani". Seva ikijibu 206, umepona. Ikijibu 200, inakumwagia faili zima upya, na hapo hata uje na programu gani, kazi bure. Kwenye terminali (dirisha la kuandika amri) andika `curl -IL` ikifuatiwa na linki, utafute mstari wa `Accept-Ranges: bytes`.

bi_terminali
Mimi na wget, programu ya kushusha kwa amri, hatuachani. Ila `wget -c` (`-c` ni ya kuendelea ilipoishia) peke yake haitoshi kwa neti kama yako: hujaribu mara 20 tu, na neti ikinyamaza bila kukatika husubiri dakika 15 nzima ndipo ishtuke. Andika hivi:

`wget -c -t 0 -T 30 linki`

Hapo haichoki, na ikikaa sekunde 30 bila kupata kitu inapiga hodi upya.

Halafu, kama ulitumia Firefox na lile faili la `.part` bado lipo, usighairi, litafutwa. Linakili pembeni, lipe jina halisi la ISO, kisha wget ile ile humo humo kwenye folda. Kilichomo humo hakipotei.

chuma_chakavu
aria2 jamani! Nayo ni programu ya kushusha kwa amri, ila inafungua njia hadi 16 kwa seva moja.

bi_terminali
Bomba likiwa jembamba, mirija 16 haiongezi maji.

chuma_chakavu
Kweli, inasaidia pale seva inapobana kila muunganisho. Nakiri pia imeshaniliza: pembeni ya faili huweka kijifaili cha `.aria2`, ndicho kinachokumbuka vipande vipi vimeshaingia. Nikasafisha folda, nikakifuta. Nikajaribu kumalizia kwa wget, ikaniambia faili limekamilika. Saizi kamili, ndani mashimo matupu.

punje_kwa_punje
Kwa ISO za Linux mbona mnajitesa? Debian na Ubuntu, matoleo ya Linux, wanatoa torenti zao rasmi, yaani unashusha kutoka kwa wenzako walio nalo faili. Faili limekatwa vipande, kila kipande kinahakikiwa kivyake. Kikiharibika kinashushwa hicho tu. Zima kompyuta hata siku tatu, ukirudi inaendelea. Ubaya wake, wasipokuwepo wa kukugawia utakaa unaitazama tu.

kobe_wa_neti
Naunga mkono. Kwa wget lazima uhakiki mwenyewe. Wakibadilisha faili kwenye seva katikati ya safari, `-c` itaunganisha kichwa cha mbuzi na mkia wa ng'ombe na haitakwambia kitu.

mshushaji_usiku
Mrejesho: torenti ya hii ISO haikuwa na watu, nikaenda na wget ya bi_terminali juu ya lile `.part`. Neti imekatika mara nne, yenyewe ikaendelea. Nimehakiki kwa `sha256sum`, namba inayotokana na yaliyomo kwenye faili, imelingana na ya tovuti. Sasa nainakili kwenye flashi nimpelekee mwenzangu, inakataa, eti faili kubwa mno. Flashi ni tupu, GB 32!

bi_terminali
Hiyo flashi imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi ambao faili moja halivuki GB 4. Ifomati exFAT.