Naomba ushauri: namtafuta mdogo wake babu aliyehamia Marekani

Ndugu zangu, naomba ushauri wa namna ya kufuatilia habari za mdogo wake babu mzaa baba, aliyepanda meli kwenda Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1920 na hakurudi tena. Tumebaki na picha yake moja akiwa amevaa koti refu. Nyuma yake kuna mhuri wa studio uliofifia, ambao hata kwa kioo cha kukuzia nimeambulia kusoma New York tu.

Nimepitia orodha za abiria walioshukia Ellis Island, kituo kilichopokea wahamiaji kuanzia 1892 hadi 1954, lakini jina letu sikuliona. Kwa kuwa orodha hizo kwa kawaida ziliandaliwa na makarani wa kampuni za meli kwenye bandari ya kuondokea, nimejaribu tahajia sita tofauti (jina letu hukosewa hata leo), bila mafanikio.

Je, aliyewahi kufanya kazi hii angenishauri nianze na sensa ya 1950, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022 baada ya kutimiza miaka 72, au na majalada ya maombi ya uraia, ambayo mara nyingi hutaja tarehe ya kuzaliwa na meli aliyoingia nayo mhusika? Na kwa kipimo cha vinasaba, je, ni bora atoe mate shangazi yangu, aliye karibu naye zaidi kwa kizazi, kuliko mimi? Umri wake umekwenda, nisingependa kumsumbua bure.