American Cream au Suffolk Punch: nimchukue yupi?

Msukuma_Iowa: Wakuu, habari za leo. Nimehamia shambani huku Iowa, nataka farasi wa kukokota. Nimepata jike wa American Cream na dume wa Suffolk Punch aliyehasiwa. Bei hazipishani sana. Jumamosi natakiwa nitoe jibu.

MamaNeema: Ekari ngapi? Udongo gani? Ulishawahi kushika hatamu? Bila hayo tutakupotosha.

Shabaha: Suffolk, usiulize tena! Amezoea udongo mzito wa mashariki mwa Uingereza, miguu haina manyoya marefu. Rangi yao ni moja tu, nyekundu ya shaba. Mwaka 1966 walisajiliwa watoto 9 tu. Ukimchukua unaokoa mbegu.

MamaNeema: Kahasiwa huyo, ataokoaje mbegu? Jike wa Cream ndiye wa kuzalisha, tena mbegu yao ilianzia hapohapo Iowa kwa jike aitwaye Old Granny. Mtoto huzaliwa macho karibu meupe, akikua yanageuka rangi ya asali. Lakini dai kipimo cha JEB, ugonjwa wa ngozi wa kurithi. Wazazi wote wawili wakibeba kinasaba chake, mtoto anaweza kuzaliwa ngozi inabanduka, na haponi.

FundiKwato: Kuhusu manyoya Shabaha kasema kweli. Mimi nilinunua farasi wa Shire kwa kupenda yale manyoya ya miguuni. Masika yakaja, matope kila siku, juu naona pasafi. Usiku nikaanza kumsikia anapiga mguu chini, paa, paa. Nilipoyatenganisha kwa vidole, ngozi imepasuka, inatoa maji na kunuka. Nikayanyoa yote, kila jioni naosha na kukausha kwa taulo, mwezi mzima. Aliyeniuzia hakusema neno.

Msukuma_Iowa: Pole sana mkuu. Ekari 6, mfinyanzi. Hatamu sijashika, kwetu Shinyanga tulilima kwa maksai.

Kibwagizo: Sasa farasi wa nini? Tafuta maksai wawili, kazi unaijua tayari.

Shabaha: Maksai ni wazito wa mwendo.

Kibwagizo: Wazito lakini hawashtuki. Mgeni wa hatamu na farasi wa kilo 900, akishtuka utamzuia na nini? Maksai unatengeneza nira, basi.

Msukuma_Iowa: Umenikumbusha mbali. Mzee alichonga nira mwenyewe, pale inapokaa shingoni akipasugua kwa kigae cha chupa hadi pateleze.

FundiKwato: Nira ya mti gani?

MamaNeema: Jamani, Jumamosi ni keshokutwa. Kipimo umeshaomba?

Msukuma_Iowa: Bado. Mwenye jike hapokei simu.