Mwendo wa dinosaria ulipimwaje, ilhali hakuna aliyewaona wakikimbia?

Mdadisi
Ndugu wanajukwaa, nimesoma mahali pamoja kwamba Tyrannosaurus rex alikimbia kilomita 70 kwa saa, na mahali pengine kwamba hakuweza kukimbia kabisa. Mnyama aliyetoweka miaka milioni 66 iliyopita hupimwaje mwendo, hata majibu yakapishana kiasi hicho?

Msomanyayo
Ndugu Mdadisi, njia ya kwanza ni nyayo zilizogeuka mawe. Mwaka 1976 mwanasayansi wa Uingereza, R. McNeill Alexander, alitoa kanuni inayotaka vipimo viwili tu: urefu wa hatua, yaani kutoka unyayo mmoja hadi unyayo unaofuata wa mguu uleule, na kimo cha nyonga, ambacho hukadiriwa kuwa mara nne ya urefu wa unyayo. Tuchukue unyayo wa sentimita 30, ambao mwenyewe nyonga yake ilikuwa mita 1.2 kutoka ardhini. Hatua zake zikiwa za mita 2.4, mwendo unakuwa karibu kilomita 10 kwa saa. Zikiwa za mita 4.8, unafika karibu kilomita 31. Hatua imeongezeka maradufu tu, lakini mwendo umezidi mara tatu, kwa hiyo anayekosea kidogo katika kupima hukosea sana katika jibu.

Kwa kanuni za namna hiyo, nyayo za dinosaria walanyama wa vidole vitatu kutoka La Rioja, Hispania, zilizochapishwa mwaka 2021, zilionyesha mwendo unaokaribia kilomita 45 kwa saa, ambao ni takriban kasi ya juu kabisa ya Usain Bolt alipoweka rekodi mjini Berlin mwaka 2009.

Fundi Mifupa
Hayo ni sahihi, ila unyayo husimulia siku moja tu ya mnyama, tena siku aliyopita kwenye tope, mahali ambapo mwenye akili hatimui mbio. Ndiyo maana nyayo nyingi ni za kutembea. Anayetaka kujua ukomo wa uwezo wake hana budi kurudi kwenye mifupa.

Uzito hukua haraka kuliko nguvu za misuli. Mwaka 2002 watafiti John Hutchinson na Mariano Garcia walikokotoa kwamba kuku mwenye uzito wa Tyrannosaurus asingeweza kukimbia, kwa kuwa karibu mwili wake wote ungelazimika kuwa misuli ya miguu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walionyesha kwa kompyuta kwamba mnyama huyo angejaribu kukimbia, mifupa ya miguu yake ingeelemewa. Wakamwachia mwendo wa haraka usiozidi kilomita 20 hivi kwa saa.

Mdadisi
Nashukuru. Basi hiyo 70 ilitoka wapi?

Fundi Mifupa
Aghalabu hutokana na kuitazama miguu yake mirefu na kuilinganisha na ya wanyama wepesi kama mbuni, huku tani zake saba au nane zikisahauliwa. Lakini usimhukumu mtoto kwa uzito wa mzazi. Tyrannosaurus mchanga alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu kwa kulinganisha na mwili wake, na yamkini alifukuza mawindo ambayo mama yake angeyatazama tu yakitokomea.